Nguo Kavu za Kinjeketile

Wahubiri tuna namna yetu ya kuitumia tamthilia ya Kinjeketile. Tunaisimulia kwa dakika mbili: palikuwa na mganga, akasema maji yake yatageuza risasi za Wajerumani, watu wakamwamini, watu wakafa. Kisha tunafungua Kumbukumbu la Torati 18 tuonyeshe alama ya nabii wa uongo, na hubiri linaendelea. Nimelisikia hubiri hilo katika sharika za kusini na za kaskazini, na katika somo la mahubiri chuoni haupiti mwaka bila mwanafunzi mmoja kulileta. Walimu wa fasihi nao wana muhtasari wao: Kinjeketile ni shujaa, maji ni ishara ya umoja, andika hivyo kwenye karatasi ya mtihani upate alama zako.

Mihtasari hii miwili inapingana, lakini ina kasoro moja. Yote imeshika kisa na kuiacha tamthilia. Kisa cha Maji Maji kimo katika vitabu vya historia, kila mtu anaweza kukisoma. Ebrahim Hussein alipokigeuza kuwa mchezo wa jukwaani uliochapishwa mwaka 1969, alifanya mambo ambayo mwanahistoria haruhusiwi kuyafanya. Aliamua nani aonekane kwanza. Aliamua kipi tukione kwa macho na kipi kifanyike mahali tusipopaona, neno lipi litoke katika kinywa kipi, na mtu gani aachwe hai mpaka mwisho. Yeye mwenyewe katika utangulizi wake anatahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni mtu wa kubuni, si Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe tunayemsoma katika historia. Kwa hiyo anayetaka kujua tamthilia inasema nini hana budi kuyatazama maamuzi hayo. Mimi nimeyatazama kwa miaka kadhaa pamoja na wanafunzi, na naona kwamba yanatunyima sisi Wakristo hukumu rahisi. Yanatuondolea swali tulilokuja nalo, kwamba mtu huyu ni nabii au ni tapeli, na kutuwekea lingine: neno likishatoka kinywani, nani analijibia?

Nasema sisi Wakristo kwa makusudi, maana hatuji kwenye jukwaa hili kama wageni. Vita vilivyoanza Julai 1905 kule Nandete, Umatumbi, kwa watu kung'oa pamba waliyolazimishwa kulima, vilifika mpaka kwenye misheni. Mwezi wa Agosti aliuawa Askofu Cassian Spiss wa Wabenedikto. Mwezi wa Septemba kituo cha Walutheri cha Yakobi, karibu na Njombe, kilishambuliwa. Mababu wa baadhi ya washarika wetu walikuwa ndani ya kuta za misheni, na mababu wa wengine walikuwa nje na mikuki. Leo wajukuu zao wanakaa benchi moja Jumapili. Vita vilipokwisha mwaka 1907 hesabu za waliokufa zilitofautiana sana, kuanzia watu 75,000 hadi 300,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na njaa, baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Njaa hiyo nitairudia.

Tuanze pale anapoanzia Hussein mwenyewe. Mtu anayeingia ukumbini akitarajia ngoma za vita anakutana na wanawake wawili, Bi Kitunda na Bi Kinjeketile. Wanazungumza habari za chakula ambacho hakipo. Wanaume wako kwenye mashamba ya Mzungu, mashamba yao wenyewe yamelala, na ndani ya nyumba hamna kitu. Hakuna anayetoa hotuba juu ya ukoloni. Ukoloni tunaujua kwa mazungumzo ya jikoni, kwa mama anayehesabu nini kimebaki. Muda si mrefu mnyapara anamchukua Chausiku, binti wa Kitunda, na watu wazima waliopo hawawezi kufanya lolote. Mpaka hapo bado hatujasikia neno lolote juu ya maji ya dawa.

Mpangilio huu una kazi yake. Kama tamthilia ingeanza na mganga na dawa yake, tungekaa mkao wa mahakimu, tukipima kama dawa ni ya kweli. Lakini tumeanza na njaa na binti aliyenyakuliwa, kwa hiyo dawa inapokuja sisi wenyewe tunaitamani. Mtazamaji mwenye shahada ya chuo kikuu, anayejua vizuri kabisa kwamba maji hayazuii risasi, anajikuta moyoni anasema, laiti. Ndipo anapoacha kuwacheka wale waliokimbilia dawa. Nawaambia wanafunzi wangu wakiandika hubiri juu ya watu wanaonunua chupa za maji ya upako waanze na Bi Kitunda. Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mhubiri anayeanza kwa kuwaita wajinga hajauliza walitoka nyumbani wakiwa na nini mioyoni.

Kuhusu wanaume wanaobishana juu ya vita sina mengi ya kusema. Baadhi yao Hussein amewaita kwa kabila tu, Mkichi, Mngindo na wenzao, na hilo linatosha kutuonyesha ugonjwa wao: kila mmoja anamtuhumu mwenzake kwa jina la kabila lake, na majina binafsi hayapo. Ni mbinu rahisi, inafanya kazi, tuendelee.

Jambo kubwa katika sehemu ya kwanza ni mlango uliofungwa. Kinjeketile yumo ndani ya nyumba yake na hatumwoni. Mkewe ana wasiwasi, majirani wanasema hili na lile. Tunamjua kwa maneno ya watu kabla hatujamwona kwa macho, na kila anayesema anamchora kivyake. Hatimaye anapotoka hatoki kama kiongozi anayeingia mkutanoni. Anatambaa, anavutwa na kitu kisichoonekana kuelekea mtoni, kisha anazama. Watu wanabaki ukingoni wakingoja. Mto wenyewe, yaani kile kinachotokea chini ya maji, hatukioni. Siku ya pili anaibuka akiwa mzima na nguo zake ni kavu.

Hapa ndipo moyo wa tamthilia ulipo, na nitakaa hapa kidogo. Hussein angeweza kutuonyesha Hongo. Jukwaa lina vinyago, lina moshi, lina sauti kutoka nyuma ya pazia. Waandishi wengi wangetumia vyote hivyo. Angeweza pia kufanya kinyume: atuonyeshe Kinjeketile amejificha nyuma ya matete, anabadilisha nguo, anajifuta maji, ili tujue tumetapeliwa. Amekataa njia zote mbili. Ametupa ishara na kutuficha chimbuko lake. Sisi tuliokaa kwenye viti hatujui zaidi ya wale waliosimama ukingoni. Kwa kawaida hadhira ya mchezo hupewa upendeleo wa kujua kile ambacho wahusika hawakijui. Hapa upendeleo huo umeondolewa, na tumewekwa katika hali ileile ya kila anayesikia unabii.

Wanafunzi wetu walipoigiza sehemu hii kwenye bwalo la chuo, walibishana wiki nzima juu ya nguo. Mmoja alitaka mwigizaji aloweshwe kwanza kwa ndoo, ili maji yaonekane ni maji kweli. Mwingine akasema nguo kavu haitaonekana kuwa muujiza kwa mtu aliyekaa mbali, maana kila mtu jukwaani ana nguo kavu. Mwisho walikubaliana kwamba mmoja wa watu wa ukingoni amguse Kinjeketile begani, autazame mkono wake, kisha aupitishe kwa mwenzake naye autazame. Hawakusema neno. Bwaloni pakawa kimya, na wale ni watu wanaosoma theolojia. Baadaye mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba kilichomtisha ni jinsi yeye mwenyewe alivyotaka ule mkono uwe mkavu.

Agano la Kale linalijua jukwaa la namna hii. Katika Yeremia 28 nabii Yeremia amevaa nira ya mti shingoni, ishara kwamba watu watatumikia Babeli. Anakuja Hanania mbele ya makuhani na watu wote hekaluni, anaitwaa ile nira na kuivunja, akisema Bwana ndivyo atakavyoivunja nira ya mfalme wa Babeli. Hebu jiweke miongoni mwa watu waliosimama pale. Wako manabii wawili, wote wanasema kwa jina la Bwana, wote wana kitendo cha kuonekana, na kitendo cha Hanania ndicho kinachopendeza zaidi. Yeremia anajibu Amina, Bwana na afanye hivyo, halafu anakwenda zake. Hana hoja ya kushinda pale pale. Sheria ya Kumbukumbu la Torati inasema neno lisilotimia halikutoka kwa Bwana, na ni sheria njema, lakini kwa mtu aliyesimama hekaluni siku ile bado haijamfaa kitu. Itamfaa baadaye, wakati Yerusalemu imekwisha kuteketea. Hussein ametuweka hekaluni siku ile ya nira. Hubiri letu la dakika mbili linasimama baada ya moto kuzima, na kutoka huko kila mtu ni mwerevu.

Kinjeketile aliyetoka mtoni anasema. Anasema habari za Hongo, za maji, za watu kuwa kitu kimoja. Mwili ni wake lakini sauti inatoka kwingine, na mwigizaji mzuri hulionyesha hilo bila kupaaza sauti. Katikati ya maneno hayo limo jambo ambalo msikilizaji wa mara ya kwanza hulipita bila kulishika: kwamba Wajerumani wakishaondoka, watu watakuwa wana wa Seyyid Said. Umati unashangilia na maneno hayo yanamezwa na kelele. Huu ni ufundi wa hali ya juu. Mwandishi amepanda mbegu mahali ambapo kelele za furaha zinaifukia.

Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, alikufa mwaka 1856, karibu nusu karne kabla ya vita. Kwa watu wa bara jina lake halikuwa na harufu ya uhuru. Lilikuwa na harufu ya misafara na ya minyororo. Kwa hiyo ahadi iliyotoka mtoni ilikuwa ya kumtoa bwana mmoja na kumwingiza mwingine. Ukumbini pale ambapo Kinjeketile bado amepagawa hakuna anayeliona. Analiona yeye mwenyewe baadaye, akili ikiwa imemrudia, peke yake, wakati watu wamekwisha kuamini na wanaume wamekwisha kuanza mazoezi ya vita chini ya Kitunda. Anayarudia maneno yake kama mtu anayesoma barua aliyoiandika usingizini. Huyu Hongo ni nani? Nani aliyesema kwa kinywa changu?

Mimi sijaona katika fasihi ya Kiswahili mahali pengine ambapo hofu ya mhubiri imeonyeshwa wazi kiasi hiki. Yeremia katika sura ya 20 anamlalamikia Mungu kwamba amehadaiwa, na bado neno linamwaka ndani ya mifupa. Mikaya mwana wa Imla, katika 1 Wafalme 22, anasimama mbele ya manabii wapatao 400 na kumweleza mfalme kwamba iko roho ya uongo vinywani mwao. Wale 400 hawakuwa waigizaji. Walikuwa wakisema kile walichosikia. Maandiko yetu basi yanajua kwamba mtu anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado kinywa chake kikatumiwa. Muhtasari wa nabii wa uongo hauna nafasi ya mtu kama huyo. Tamthilia inayo, kwa sababu mwandishi amekataa kutuonyesha kilichotokea chini ya maji. Kama tungemwona akidanganya, uchungu wake wa baadaye ungekuwa woga wa mwizi aliyefumaniwa.

Sasa niseme kama Mlutheri. Kila mtoto wa kipaimara kwetu hujifunza katika Katekismo Ndogo kwamba katika ubatizo maji peke yake hayafanyi kitu, ni neno la Mungu lililo ndani ya maji na pamoja na maji, na imani inayolitegemea neno hilo. Nenda na fundisho hilo mpaka Rufiji ukaone kitu cha ajabu. Hussein, ambaye si mwanatheolojia wetu, amelipanga jukwaa lake vivyo hivyo. Maji yenyewe katika tamthilia hayana kazi kubwa. Kinachofanya kazi ni neno lililofungwa na maji. Neno ndilo linalowaleta watu wa makabila mbalimbali mahali pamoja, watu ambao muda mfupi uliopita tuliwasikia wakitukanana. Ushirika ule unaoonekana jukwaani ni wa kweli. Macho yetu yameushuhudia. Mhubiri anayesema maji yalikuwa uongo mtupu hana la kusema juu ya ushirika huo.

Ila hapo ndipo tunapoachana. Ubatizo unasimama juu ya ahadi ya yule aliyejulikana, aliyezaliwa, akateswa zamani za Pontio Pilato. Ahadi yetu ina jina na ina majeraha. Ahadi ya mtoni ilikuja na jina ambalo hata mwenye kulisema alishindwa kulijua. Kinjeketile anatambua kwamba neno limezaliwa, limekua, limemzidi aliyelizaa, wala halirudi tumboni. Anajaribu kuchelewesha, anataka watu wangoje wawe tayari, wawe na silaha, wasitegemee dawa peke yake. Lakini watu hawakuamini tahadhari zake. Waliamini maji. Wanaanza vita bila idhini yake.

Shambulio lenyewe linakuja na kwenda haraka, na bunduki ya rasharasha haibishani na mtu. Kuna kitu kimoja tu ambacho ningependa kukionyesha hapa, kwa sababu wasomaji wengi hawakioni. Katika historia, Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Shambulio la boma la Mahenge, ambako watu wengi mno waliangushwa mbele ya bunduki hizo, lilikuja tarehe 30 Agosti. Mtu halisi hakuliona. Alikufa kabla hajajua neno lake limefika wapi na limefanya nini. Hussein amemnyima mhusika wake rehema hiyo. Amemwacha hai kupita kushindwa, ili akae gerezani akijua. Kwa mwanahistoria hilo ni kosa la tarehe. Kwa mwandishi wa tamthilia ndiyo njia pekee ya kumfanya mnabii amtazame aliyemwamini, uso kwa uso, baada ya yote.

Na ndivyo chumba cha mwisho kilivyo. Kinjeketile na Kitunda wamefungwa, wameumizwa. Wakubwa wanataka kitu kimoja kutoka kwa Kinjeketile: aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, rafiki na jemadari wake, naye anataka aseme, kwa sababu watu huko nje wanaendelea kufa wakiyategemea maji hayo. Kinjeketile anakataa. Akisema ni uongo, watoto wa kesho wataambiwa kwamba kila kitu walichopigania baba zao kilikuwa uongo, pamoja na madai yao ya haki.

Miaka yangu ya kwanza ya uchungaji ningesema bila kusita kwamba Kitunda ana haki. Amri ya nane inatutaka tuseme kweli, na uhai wa jirani ni uhai wa jirani. Bado naiona nguvu ya hoja hiyo. Lakini jukwaa linatuonyesha kitu ambacho karatasi ya maadili haituonyeshi. Sentensi ni moja, maji ni uongo, ila ina vinywa viwili vinavyoidai. Kinywani mwa Kitunda ina maana ya kuokoa walio hai. Kinywani mwa mkubwa wa boma ina maana ya kwamba hamkuwa na sababu ya kusimama, kwamba pamba ilikuwa halali, Chausiku alikuwa halali. Jukwaani neno halielei hewani. Linatoka kwa mtu fulani, amesimama mahali fulani, ameshika mjeledi au amefungwa mnyororo. Ungamo tunalofundisha kanisani ni ungamo mbele za Mungu na mbele ya ndugu uliyemkosea. Ungamo linalotolewa kwa mjeledi wa boma lina jina lingine. Kinjeketile anadaiwa ungamo na mtu asiyestahili kulipokea, na yule anayestahili yuko pembeni yake katika minyororo ileile. Mwandishi amewaweka wote mahali pamoja kwa makusudi, ili asiweze kumjibu mmoja bila mwingine kusikia.

Kitanzi hatukioni. Mchezo unakatika kwenye ule ukatao. Wakosoaji wa mrengo wa umoja wanasoma mwisho huu kama ushindi: neno litaishi, wajukuu watalisikia. Ni kweli limo, na historia ya nchi hii imelithibitisha kwa kiasi. Hata hivyo sioni kwamba tamthilia imemsafisha Kinjeketile. Hoja ya Kitunda haikujibiwa. Imepitwa tu na kauli yenye uzuri zaidi, na mtazamaji makini anatoka ukumbini akiwa na zote mbili mkononi. Nadhani hiyo ndiyo heshima kubwa ambayo Hussein ametufanyia.

Nina lawama moja hata hivyo, na si ndogo. Tamthilia iliyofunguliwa na wanawake wawili wenye njaa inafungwa na wanaume wawili wanaozungumza juu ya watoto wa kesho. Katika chumba kile cha mwisho, ambamo hatima ya neno inaamuliwa, Bi Kitunda hayupo. Bi Kinjeketile hayupo. Nao ndio historia iliwaachia gharama, ile njaa niliyoitaja mwanzoni, iliyoua zaidi ya risasi. Kinjeketile anawafikiria wajukuu ambao bado hawajazaliwa, na anaweza kuwafikiria kwa utulivu kiasi kwa sababu aliye hai na mwenye njaa hayumo chumbani. Kitunda anamsemea, lakini Kitunda naye ni jemadari, anasema kwa hesabu ya jemadari. Mtu ambaye hotuba ile ya mwisho isingepita mbele yake kirahisi ni mama aliyechukuliwa binti, ambaye mume wake amefungwa na shamba lake limechomwa.

Mwongozaji atakayeiweka tena tamthilia hii jukwaani hawezi kuongeza maneno, na asiongeze. Lakini maandishi hayamkatazi kuwaacha wale wanawake wawili mahali walipokuwa mwanzo, upande mmoja wa jukwaa, mbele ya nyumba zao, huku gereza likiwa upande wa pili. Wasiseme kitu. Bi Kitunda awe na ungo, na ndani ya ungo kusiwe na kitu, na Kinjeketile anapotoa jibu lake la mwisho aweze kumwona kutoka pale alipofungwa.